Vichaka Vinane vya Baba Mkwe

Kijiji cha Zakrzówek,
Karibu na Lublin.
29 Julai 1996.

Mpendwa Shangazi Wiesława,

Pokea salamu zangu za mapenzi kutoka nyumbani. U hali gani huko Kanada? Lile goti lako limepona, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Baba anasema hujaandika tangu Pasaka, na amenuna kidogo, lakini wewe unamjua kaka yako.

Sisi ni wazima. Mimi nimechoka tu, Shangazi, nimechoka mpaka kalamu ni nzito. Usiushangae mwandiko huu. Vidole vyangu ni vyeusi na havitakati hata kwa limau.

Ludwik wangu hajambo. Hii ni wiki ya saba tangu harusi, na bado nikiisikia baiskeli yake langoni moyo unaniruka. Jana alinibusu mkono huu mweusi akasema una utamu. Basi uchovu wote ukaniisha, kwa dakika tano hivi.

Sasa nikueleze kilichonichosha. Unajua tunaishi kwa mama mkwe, Mama Bronisława. Nyuma ya nyumba kuna vichaka vinane vya porzeczka nyeusi, vile vitunda vichachu. Marehemu baba mkwe alivipanda mwaka aliozaliwa Ludwik. Tangu mzee afariki, miaka miwili sasa, matunda yalikuwa yakiliwa na ndege au yakiozea chini, kwa sababu mama hawezi tena kuinama. Alikuwa ameshapatana na jirani yetu Zenon aje na trekta aving'oe.

Nikaropoka mezani kwamba mimi nitazivuna zote. Mama akaweka kijiko chini.

"Haya, bibi harusi. Ikioza hata ndoo moja, Zenon anakuja."

Ludwik akaikodolea macho supu yake. Nikajua ni jambo zito kwake.

Zilitoka ndoo kumi na moja! Nimepika jemu mpaka sukari ikaisha dukani kwa Bi Gertruda. Nimekamua maji ya matunda, nimepika uji mwekundu wa wanga wa viazi, nimeoka keki za hamira zenye chengachenga za siagi juu. Ludwik amepeleka keki kazini siku tisa mfululizo, na wenzake sasa wanamkimbia. Bata wa Jumapili alikuja na mchuzi wa porzeczka. Nyingine nimeziloweka kwenye pombe kali, chupa tatu, zisubiri Krismasi. Hata majani hayakupona, nimeyatia kwenye matango ya chumvi yapate kukatika vizuri mdomoni.

Ndoo ya mwisho niliitengea zile za kuponda mbichi na sukari, dawa yetu ya mafua ya Januari. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa uchovu nikaziosha, nikaziponda zingali zimelowa. Hata wewe uliye mbali unajua kwamba zile hazitaki tone la maji. Siku ya nne vifuniko vikaanza kufyatuka, na povu likashuka rafuni mpaka sakafuni. Nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Mama akaja na fimbo yake, akachovya kidole, akalamba.

"Mwanangu, hii haijaoza. Imelewa."

"Mama, usinifariji. Ni ndoo nzima."

"Nani anakufariji? Lete ile chupa kubwa ya mvinyo ya mzee, iko darini. Na uache kulia, utaongeza maji mengine!"

Tukamimina yote humo. Sikuthubutu kuuliza habari za Zenon.

Leo asubuhi nikamwona bustanini na msumeno. Ameinama, yeye asiyeweza kuinama, na matawi mazito yameshalala chini. Nilikimbia bila viatu.

"Mama, nakuomba! Uliniambia haijaoza!"

Akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani.

"Kelele za nini? Haya ni matawi ya zamani. Usipoyakata baada ya mavuno, mwakani utavuna majani. Mzee hakumgusisha mtu msumeno huu, hata Ludwik." Kisha akaunyoosha kwangu, mpini mbele. "Shika. Mgongo wangu umekwisha. Vimebaki vichaka saba."

Nimevikata vyote saba, Shangazi, yeye amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akinikaripia. Ludwik aliporudi aliuona msumeno mkononi mwangu, akaiacha baiskeli ianguke.

Nisalimie binamu yangu Danuta na mwanawe Kacper. Mama Bronisława anakusalimu, na anasema mvinyo utakuwa tayari ukija. Mungu akulinde, alinyooshe goti lako, atukutanishe meza moja.

Ni mimi nikupendaye, ninayesinzia juu ya barua,

Kinga