Nani Kamletea Kipipa Kikohozi

4 Februari

Mwanangu,

Marahaba kwa shikamoo yako. Mimi si haba, ukiacha hiki kikohozi cha vumbi la vitambaa. Mimi na cherehani tumezeeka pamoja. Wewe je, mgongo umepoa? Unakula?

Naandika kwa sababu moyo haujatulia. Binti yako Kipipa si pipa tena, amebaki fito. Gauni la mwaka jana linampwaya. Anakohoa, jioni mwili unachemka, na chakula anakitazama tu. Nikimuuliza mkeo anasema, "Nampa, mama, hali." Hali, au hapewi? Jana nimemkuta anasuuza kikombe cha mtoto kwa maji ya moto, mlango umerudishwa. Nikauliza, "Unasuuza nini?" Akashtuka. Asiye na neno hashtuki.

Tena ana mtindo mpya wa kufungua madirisha yote, upepo unavuma! Nikifunga, anafungua. Anataka baridi inimalize?

Sisemi kitu. Lakini macho hayana pazia.

Mama yako


19 Februari

Mama,

Shikamoo. Huku kiwandani tunachomelea vyuma asubuhi hadi jioni, namshukuru Mungu nasimama. Kikohozi chako vipi?

Barua yako imeninyima usingizi. Nimemwandikia mke wangu nikamuuliza mtoto ana nini. Amejibu mstari mmoja: "Muulize mama kwanza anajisikiaje." Nimeuliza habari za mtoto, yeye ananirudisha kwako! Kuna jambo ananificha. Mama, mwangalie kwa karibu. Kama anamnyima mwanangu chakula, hatutaelewana.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Kwanza pole na kazi. Mimi kikohozi kiko palepale, tumezoeana.

Shikilia moyo. Kipipa ana kifua kikuu. Yule mhudumu wa afya anayezunguka nyumba kwa nyumba, tunamwita Bi Miwani, ndiye aliyempeleka hospitali. Ameanzishiwa dawa, na wanasema atapona asipokatiza. Jana Bi Miwani akaja tena, akakaa ukumbini, akasema, "Ugonjwa huu hauji kwa kikombe wala kwa uchawi. Unapita hewani, mtu akikohoa. Na mtoto mdogo hivi, mara nyingi ameletewa na mtu mzima wa karibu."

Nikamtazama mkeo. Naye akanitazama mimi. Utovu wa adabu ulioje huo!

Bi Miwani akataka wote tutoe makohozi yapimwe. Mkeo kakubali haraka, haraka mno. Mimi nimekataa, tangu lini vumbi likapelekwa maabara? Bi Miwani alipoondoka nikamwambia mkeo aende kwao mpaka apone, asituue. Akalia, akasema, "Mama, basi niondoke na mtoto." Nikamwambia mtoto ni wa nyumba hii. Ameondoka peke yake.

Usiwe na wasiwasi. Dawa zake nampa mwenyewe. Usiku analala kifuani kwangu, madirisha nimeyabana yote.

Mama yako


21 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo nakwenda moja kwa moja.

Majibu ya mke wangu yametoka. Hana ugonjwa. Nyumba hiyo ilikuwa na watu wazima wawili, mama. Mmoja kapimwa.

Sikulaumu, hakuna anayekwenda sokoni kununua kifua kikuu. Lakini mtoto asilale kwako hata usiku mmoja zaidi. Nenda ukapimwe. Usipokwenda, nimemwambia mama yake aje amchukue, na nitakuwa upande wake.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hasira imepungua. Mimi natapika kidogo kwa sababu ya vidonge, lakini naendelea.

Ndiyo, ni mimi. Majibu ya kwanza niliyakataa, nikamwambia yule kijana wa maabara amebadilisha makohozi yangu na ya mtu mwingine. Akanipima tena mbele ya macho yangu. Yaleyale.

Nilikwenda kwa wakwe zako. Mkeo alikuwa anaanika nguo, hakuja kunipokea mkoba. Akauliza palepale kwenye kamba ya nguo, "Umepimwa, mama?"

"Mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akakaa chini, kisha akalia, na mimi nikalia. Nikamwambia nimemkosea, na nimemchafulia jina kwa mumewe. Kumbe Bi Miwani alishawafundisha akina mama kliniki kwamba kikohozi kikizidi wiki mbili kipimwe, na chumba kipate hewa. Mkeo alinishuku mapema, heshima ikamfunga mdomo.

Amerudi. Kila asubuhi ananisimamia. "Fungua mdomo, mama. Inua ulimi."

"Huniamini?"

"Sikuamini."

Kipipa jana kaomba kuongezewa uji.

Sasa wewe. Ulipokuja likizo ulilala chumbani kwangu mwezi mzima nikikukanda mgongo, na kikohozi tayari ninacho. Umepimwa?

Mama yako


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi mno mtoto anakula. Mimi mzima wa afya. Kazi ni nyingi, msimamizi hatoi ruhusa ovyo. Nimepungua kidogo, ni joto la huku tu. Msalimie mke wangu, mwambie aendelee kukuangalia vizuri. Jirani yetu alishaezeka nyumba?

Mwanao


17 Mei

Mwanangu,

Tunaendelea vizuri. Bi Miwani amesema dawa zimeshika, sasa siambukizi mtu, ila nisiache kumeza hadi ziishe.

Barua yako tumeisoma mimi, mkeo na Bi Miwani. Umeuliza hadi paa la jirani, swali langu umelizunguka kama shimo la barabarani. Na mnalala wengi chumba kimoja huko, wana wa watu.

Mkeo amefungasha nguo mbili, kaniachia Kipipa, na leo asubuhi amepanda basi. Anakuja kukupeleka hospitali yeye mwenyewe.

Usijaribu kuhama chumba kabla hajafika. Nakujua.

Mama yako