Wa Sita Kati ya Kumi na Mmoja

Suguti, 9 Februari 2024

Wifi Flora,

Pokea salamu za huku Suguti. Sisi ni wazima. Mama mguu unamsumbua asubuhi, ila akishaota jua anatembea. Brian anakimbia sasa, juzi kamfukuza bata mpaka kaangukia kwenye tope. Wewe je, kile kikohozi kiliisha?

Ningepiga simu, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, na simu yenyewe ni ya kaka yako.

Nina mimba ya miezi mitatu. Kliniki wamesema kwa jinsi kidonda cha upasuaji wa Brian kilivyofumuka, safari hii nisijaribu kusukuma, nipasuliwe tena. Kaka yako Nicolaus anataka tuje hapo Bunda, kwa kuwa wewe ndiye muuguzi mkuu. Mimi naogopa. Unakumbuka Septemba ya mwaka juzi. Wiki sita nililala pale natoka usaha, Brian ananyweshwa maziwa kwa kijiko. Uliniambia niliulowesha mshono wakati wa kuoga. Nikarudi nyumbani na neno hilo. Mpaka leo mama anawaambiaga watu kwamba mkwe wake hajui kujiosha.

Naomba unijibu kitu kimoja tu. Mwaka ule mliwapasua wanawake wangapi, na wangapi walioza kama mimi? Nilikuwa peke yangu?

Nimekutumia samaki kidogo, furu wakavu, uwale na ugali wa muhogo.

Ni mimi wifi yako,
Jenoveva


Kabasa, Bunda, 27 Februari 2024

Mpendwa wifi,

Nimefurahi kusikia mko salama na kwamba nyumba inaongezeka. Kikohozi kiliisha. Furu nimewapata, asante sana.

Kuhusu swali lako, kila mwanamke ana mwili wake, na vidonda hupona kwa namna tofauti. Usijipe mawazo, presha itapanda. Njoo mapema, wiki mbili kabla, nitakusimamia mwenyewe. Kula mboga za majani na usiache vidonge vya damu.

Msalimie mama, mwambie mguu aukande na maji ya moto.

Wifi yako,
Flora


Suguti, 15 Machi 2024

Wifi,

Hatujambo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ushauri nimeuona, jibu sijaliona.

Kaka yako akienda mnadani Butiama kununua dume, anamfunua mdomo, anamkagua kwato, anauliza alikotoka. Muuzaji akikataa asiguswe, Nicolaus anaondoka. Hajawahi kusema ng'ombe huyo ni mgonjwa. Anasema tu, "Huyu jamaa kuna kitu anakificha." Mimi nikija kulazwa juu ya meza yenu nikatwe tumbo, siruhusiwi kuuliza?

Nimeuliza hospitali nyingine mbili huku Musoma. Na wao wamenishangaa. Moja wameniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari.

Sikuandikii kwa ugomvi. Ila kama huna jibu, usinijibu.

Jenoveva


Kabasa, 2 Juni 2024

Wifi yangu Jenoveva,

Natumaini wewe na mtoto aliye tumboni mnaendelea vizuri. Mimi mwili mzima, moyo ndio haukuwa mzima tangu Machi. Nimekaa kimya kwa sababu ulisema nisikujibu kama sina jibu. Sasa ninalo.

Jumapili nne mfululizo, nikitoka kanisani, nimekuwa nakaa na rejista mbili, ya chumba cha upasuaji na ya chumba cha vidonda. Hakuna aliyewahi kuziweka pamoja. Mwaka 2022 tuliwapasua wanawake mia moja na kumi na nane. Kumi na saba vidonda vyao viliharibika. Kati ya hao, kumi na mmoja ni wa wiki saba tu, Septemba na Oktoba. Wiki zile mashine ya kuchemshia vifaa ilikuwa haifikishi joto, na fundi wa Mwanza tulikuwa tunamsubiri. Tuliendelea kupasua. Mmoja wao alifariki.

Wewe ulikuwa wa sita kati ya wale kumi na mmoja.

Kwa hiyo hukuwa peke yako, na hukulowesha mshono. Mimi ndiye niliyekwambia vile. Utaniuliza kama nilijua. Kwa hesabu sikujua. Lakini nilijua mashine ni mbovu, na niliona vidonda vinafuatana, na kumwambia mgonjwa kwamba alilowesha lilikuwa neno jepesi. Nisamehe, wifi. Nimeandika sentensi hii nikaikata, nikaiandika tena.

Hesabu nimempelekea Daktari Masanja, mwenye hospitali, nikaomba tuwe tunaibandika ukutani kila mwezi. Akaniuliza, "Sista, unataka nifunge hospitali?" Mhasibu wetu Machibya akasema wagonjwa watakimbia. Mama Keraryo, anayefanya usafi, alikuwa anapanga viti. Akasema, "Wagonjwa wanajuaga tayari. Pale sokoni wanatuitaga Kwa Usaha. Ni ninyi tu ndio hamjui." Daktari akamwangalia kama mtu aliyepigwa kofi. Mpaka leo hajatoa uamuzi.

Nimekuandikia wewe kwanza, wao watafanya watakavyo.

Wifi yako,
Flora


Suguti, 17 Juni 2024

Wifi Flora,

Tuko salama, tumbo ni kubwa, miguu imevimba kidogo ila presha wamesema ni nzuri.

Barua yako niliisomea kibandani nikiwa peke yangu, nikalia mpaka Brian naye akaanza kulia bila kujua sababu. Kisha nikanawa uso, nikamsomea mama yote, mpaka pale uliposema sikulowesha mshono. Akachukua jembe. Nilifikiri amekasirika. Jioni nikakuta shamba langu la mtama limepaliliwa lote, na ule mguu wake. Wakati wa kula akaniwekea kichwa cha samaki, kile anachokulaga yeye. Mpaka leo hatujaongea juu ya jambo hilo, na sidhani kama tutaongea. Ila juzi jirani alianza ule utani wa zamani wa kuoga, mama akamkatiza: "Mkwe wangu waliniharibia wao."

Nina hasira na wewe, sitakudanganya. Itachukua muda. Lakini hasira hii siogopi kuwa nayo, ile ya zamani nilikuwa najichukia mwenyewe.

Mwambie daktari wako abandike. Na bei pia abandike. Mlangoni tuliambiwa bei moja, siku ya kutoka karatasi ikaja na nyingine. Nicolaus alikuja na hela ya ndama mmoja, akarudi kuuza wa pili.

Wifi yako,
Jenoveva


Kabasa, 22 Julai 2024

Wifi Jenoveva,

Habari za siku nyingi, na habari za joto na huo uzito? Mama na Brian hawajambo?

Amebandika. Nasikia alikwenda sokoni mwenyewe, bila koti jeupe, akasimama kwenye nyanya akauliza hospitali nzuri iko wapi. Wakamwelekeza kwingine, na sababu wakampa. Kesho yake akamwita fundi wa mabango.

Sasa pale mapokezi kuna bango. Upande mmoja ni bei: upasuaji, kitanda, dawa, mpaka glavu, na chini imeandikwa kwamba mgonjwa asilipe kisichoandikwa hapo. Upande wa pili unabadilishwa kila tarehe moja: tumepasua wangapi, vidonda vingapi vimeharibika. Juni tuliandika waliopasuliwa kumi na mmoja, vidonda viwili.

Machibya hakukosea. Wiki ya kwanza watu walisoma wakageuka. Mwezi huu mpaka leo tumepasua sita tu. Mishahara imechelewa, na kuna wauguzi hawaniitikii salamu. Lakini ndani kumebadilika kitu. Kila asubuhi mashine inapimwa kabla ya kisu cha kwanza, na anayepima anaweka sahihi. Wiki iliyopita muuguzi wetu kijana, Judith, alisimamisha upasuaji kwa sababu pakiti ya vifaa ilikuwa na unyevu. Daktari Masanja alikuwa ameshavaa glavu. Mimi nilidhani atafoka. Akazivua, akasema, "Leteni nyingine."

Hata hivyo, kati ya wale sita, mmoja kidonda kimeanza kuvuja. Nacho kitaandikwa.

Siku yako inakaribia. Usije kwa sababu yangu. Soma bango, uamue mwenyewe.

Wifi yako,
Flora


Suguti, 20 Septemba 2024

Wifi yangu Flora,

Salamu kutoka kwetu sote, na kutoka kwa huyu binti anayelia hapa kwa sauti kuliko Brian alipokuwa na umri wake. Mshono umekauka. Mama anaukaguaga kila siku kama vile ni wake.

Kuna jambo sikukusimulia nikiwa wodini. Siku nne kabla ya kulazwa nilikuja Bunda peke yangu, wewe ulikuwa chumba cha upasuaji. Nilisimama kwenye bango. Mama mmoja mjamzito akaniomba nimsomee. Nikamsomea: Julai, waliopasuliwa tisa, kidonda kilichoharibika kimoja. Akauliza, "Na huyo mmoja yuko wapi sasa?" Mimi sikujua. Akaenda dirishani kuwauliza. Nilidhani watamfukuza. Judith akatoka, akaenda kumwomba ruhusa mgonjwa, kisha akatupeleka. Yule dada alikuwa amekaa kitandani anakula uji, akatuambia jinsi walivyomweleza siku ileile kwamba kidonda kimepata uchafu, na kwamba kukisafisha halipi. Nikatoka pale nikampigia Nicolaus: nimeamua, ni hapa.

Na bei, wifi, ilikuwa ileile ya ukutani. Nicolaus aliirudia karatasi mara mbili, akitafuta walipoificha.

Sasa nisikilize. Juzi alikuja kuniona dada anaitwa Jeska, wa kijiji cha pili. Alipasuliwa hapo kwenu Oktoba ile, akaoza mwezi mzima. Mume alimrudisha kwao. Nikamuuliza waliambiwa nini. Akasema, "Kwamba niliulowesha mshono." Nikamtolea barua yako ya Juni. Akaomba nimsomee tena, na tena.

Mimi uliniandikia kwa kuwa ni wifi yako. Wenzangu hawana wifi hospitalini. Ukinitoa mimi wamebaki kumi na sita, Flora. Majina yao unayo.

Wifi yako,
Jenoveva


Kabasa, 3 Novemba 2024

Mpendwa wifi,

Nawasalimu nyote, na huyo binti mwenye sauti. Oktoba tumeandika kumi na tisa, hakuna kilichoharibika. Mama Keraryo alilisoma bango kwa sauti mbele ya foleni nzima.

Barua yako nilimpa Daktari Masanja aisome. Alikaa nayo siku tano. Kisha akasema tuandike, na sahihi iwe yake na yangu. Mpaka sasa zimeondoka barua tisa. Ya Jeska ilikuwa ya kwanza. Nasikia mume wake alikwenda kwao kumwomba arudi, na Jeska amesema atafikiri.

Moja sikuweza kuituma. Ni ya yule aliyefariki, Scholastika. Alhamisi nilipanda gari mpaka Butiama nikaitafuta nyumba. Mume wake anaitwa Machage. Nilimkuta uani anatengeneza zizi, watoto wake wawili wanampa fito. Nilijitambulisha, nikataja hospitali. Akaacha kazi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote. Nikasema tu, "Mke wako tulimkosea sisi. Halikuwa kosa la mwili wake. Nimekuja kukueleza."

Nikajiandaa kufukuzwa, na ningeondoka bila kulaumu. Akaingia ndani. Akatoka na viti viwili, akaviweka kivulini, akawaita wale watoto wasogee karibu.

"Kaa," akaniambia. "Anza mwanzo. Na hawa wasikie."

Nikakaa.

Wifi yako,
Flora