Wapagazi Kumi na Mmoja na Jina Nililolificha

Mpendwa Shangazi Gorret,

Naomba msaada wako, na ukisoma barua hii redioni usilifiche jina langu, maana nimechoka kuficha. Mimi ni Biira, mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu, na kila mwaka nimefundisha msafara wa yule mzungu aliyetoka upande wa Kongo akapita chini ya milima yetu ya Rwenzori zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nimeufundisha kama kitabu kinavyosema, kwamba aligundua hiki, akavuka kile, akaugua homa, akapona, na watoto wakanakili, wakafaulu mtihani, tukasahau.

Mwaka huu sikuweza. Msichana mmoja wa kidato cha pili, Kahambu, ambaye familia yake ilikimbia vita huko Beni, Kongo, aliinua mkono akauliza, "Madamu, mizigo yake ilibebwa na nani?" Nikatafuta kitabuni mbele yao, nikakuta mstari mmoja tu, wapagazi mia tatu, basi, hata mmoja hakutajwa jina, ila punda wa mzungu alikuwa na jina. Wiki ile nikawaambia kila mmoja aje na mchanga kwenye gunia, kilo kumi na tano, nusu ya mzigo wa mpagazi, tukatembea kutoka shuleni hadi Nyakiyumbu na kurudi, na jioni wengine hawakuweza kugeuza shingo, ndipo nikawatuma waulize nyumbani: kwenu nani alibeba? Yakarudi majina kumi na moja, Shangazi, tukayaandika kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa darasa.

Kahambu alileta jina la Nzanzu. Bibi yake, Mama Laurentine, anayeuza samaki wa chumvi soko la Mpondwe, alikuja mwenyewe darasani kusimulia. Alisema, "Nzanzu ilikuwa baba ya baba yangu. Walimufunga kamba ku shingo, akabeba mpaka miguu ikaoza, akarudia nyumbani anatambaa. Na mwenye alimufunga haikuwa muzungu. Ilikuwa mutu ya huku, nyapara ya wapagazi, jina yake Kathembo, alikuwa na kiboko."

Kahambu akanigeukia. "Madamu, huyo Kathembo alikuwa nani?"

Nikasema, "Sijui."

Namjua. Kathembo ni babu yake baba yangu. Kiboko chake kinaning'inia sebuleni kwetu Karusandara, nilikichezea nikiwa mtoto, na kila mgeni anayeingia baba humweleza kwamba babu yake alipewa na mzungu kwa sababu ya uaminifu. Jumapili iliyofuata nilikwenda nikamwambia baba yote yaliyosemwa darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, "Biira, ukilitoa jina la babu yangu mbele ya watoto wa watu, usije tena hapa kwangu."

Wakati hilo halijaisha likaja la hedimasta, Bwana Byaruhanga, ambaye alikuwa amealika wageni waje kuweka jiwe la kumbukumbu ya msafara ule kwenye uwanja wa shule, na wanafunzi wangu walipangwa kuwaimbia, lakini badala ya kuimba walisimama mmoja mmoja wakasoma majina kumi na moja, kisha Kahambu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Milima hii haikugunduliwa. Watu walikuwa wanaishi hapa." Wageni hawakukaa kula. Hedimasta akaniita ofisini.

"Jumatatu ijayo utaomba radhi mbele ya shule nzima," alisema. "Na ule ukuta utaupaka chokaa. Ukikataa, naandika uhamishwe."

"Sipaki," nikamwambia, nikatoka.

Radhi sitaomba, Shangazi, na kwa hilo sikuombi ushauri. Kinachoniumiza ni kwamba wanafunzi sasa wananisalimia kama shujaa, na mimi nashindwa kuwatazama, kwa sababu wao walisimama na majina yao mbele ya wakubwa, na mimi nilipewa jina moja tu nikalimeza. Je, niseme, nimpoteze baba yangu? Au ninyamaze, nipigane na hedimasta tu, hili lingine niende nalo kaburini?

Mwalimu Biira, Bwera

*

Biira,

Mtu anayetaka kunyamaza haniambii nitaje jina lake redioni. Umeshaamua, unataka tu mtu akuamuru. Haya, nakuamuru.

Nianze na hedimasta, yeye ni mwepesi. Usiombe radhi na chokaa usiiguse. Mwombe akuandikie amri yake kwa barua yenye sahihi, aeleze kosa lako ni lipi, na nakala uipeleke chama cha walimu. Wakubwa wengi hupoa wakiambiwa waandike. Akikuhamisha, utaufundisha msafara huohuo huko utakakopelekwa.

Sasa wewe. Uliwabebesha watoto wa watu mchanga juani, ukawatuma wakafukue maumivu ya nyumbani kwao, na ya kwenu ukayafungia sebuleni. Yule mama aliacha meza yake sokoni, akasimama mbele ya watoto wasiomjua, akaeleza jinsi babu yake alivyotambaa, na wewe ukamjibu mjukuu wake "sijui." Ulimdanganya msichana ambaye watu wazima wameshamdanganya vya kutosha. Usijifiche nyuma ya baba yako. Aliyesema "sijui" ni wewe, na ulisema kabla baba hajakukataza chochote.

Najua inauma. Hukumfunga mtu kamba, na hakuna anayekudai uadhibiwe kwa ajili ya Kathembo. Huenda naye alitishwa, huenda alipenda cheo, sijui, na hilo wanafunzi wako wana akili ya kulijadili. Lakini hawawezi kumjadili mtu ambaye mwalimu wao amemficha.

Fanya hivi. Kesho Jumamosi nenda kwa Mama Laurentine nyumbani kwake, si sokoni mbele ya wateja. Usibebe zawadi. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Sema Kathembo ni nani kwako, sema ulidanganya, kisha nyamaza umsikilize, hata akikufukuza. Jumapili mpigie baba yako mwenyewe: "Baba, kesho nitasema." Asilisikie njiani. Atakasirika, na siwezi kukuahidi kwamba atafungua mlango. Wewe endelea kumpigia kila Jumapili umsalimie. Asipopokea, umetimiza wajibu wa mtoto, lakini wa mwalimu pia ni wako. Jumatatu, mbele ya shule nzima, palepale ulipotakiwa kuomba radhi, sema ukweli wa kwenu.

Wasikilizaji, jibu hilo nilimtumia Biira kwa simu wiki iliyopita, kwa sababu Jumatatu yake ilikuwa inafika kabla ya kipindi hiki. Leo asubuhi ameniandikia, nawasomea bila kubadilisha neno:

"Mama Laurentine alinisikiliza nimesimama, hakunipa kiti. Mwishoni akasema, 'Jumatatu uambie batoto vile umeniambia mie. Usipunguze.' Sikupunguza. Hedimasta alisimama katikati ya maneno yangu akaniamuru nishuke, nikamaliza kwanza ndipo nikashuka. Baba hapokei simu. Ukuta hakuna aliyeugusa. Nimepewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu, nimeisaini kwamba nimeipokea, na chini yake nimeandika kwamba sikubaliani nayo. Kesho saa mbili asubuhi nina kipindi cha kidato cha pili."