Wimbo wa Fahali Wetu Hauingizi Adui

...ndipo nikakaa chini. Pale pale njiani, katikati ya ile njia ya kamba wanayopita wacheza mieleka kwenda ulingoni. Nikanyoosha miguu yote miwili, kitenge nikakiweka vizuri. Andika hivyo, Gati, kwamba nilikaa. Huko Bomani wanasema nilianguka. Sikuanguka. Wengine wanasema nilikuwa nimekunywa. Pombe mimi niliacha nilipokuwa na mimba yako wewe.

Leo ni Alhamisi. Jua tangu asubuhi, mvua ilitishia upande wa Kenya ikarudi huko huko. Nimeanika mtama na moyo haujatulia.

Nimekasirika. Tangu Jumapili nimekasirika, nalala na hasira, naamka nayo.

Anayeandika ni binti yangu wa mwisho, Gati. Mimi sikusoma. Yeye ana hiyo blogu yake, huwa ananiambia mama wewe sema, nitaweka vile vile. Basi weka vile vile, usininyooshee maneno.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi mieleka inakuja hapa kwetu Nyanungu, na Promota, mwenye kundi lao, anataka nipande ulingoni, nishike maiki, niombe radhi mbele ya watu. Nisipoomba, mjukuu wangu Bhoke ametoka kwenye kundi, hachezi tena. Na Bhoke mwenyewe hanisemeshi. Ananiwekea ugali, anaondoka. Yule mtoto bibi, bibi, ilikuwa haimtoki mdomoni, sasa ananipita kama anapita mti.

Siku nne.

Watu wanauliza ni wimbo gani huo wa kumkalisha mama mzima kwenye vumbi. Nitawaambia.

Mume wangu, Mzee Marwa, alikuwa mpiga litungu. Nyuzi nane, na sauti yake inaingia tumboni kabla haijafika masikioni. Harusi zote za huku aliitwa yeye. Kwa kazi nyingine hakuwa mtu wa kujituma, nisimsingizie marehemu, shamba nililima mimi. Lakini jioni ng'ombe wakirudi, yeye anakaa langoni anapiga. Tulikuwa na fahali mweusi mwenye baka jeupe usoni, tulimwita Sirikali, kwa sababu hakuna aliyebishana naye. Huyo Sirikali alitungiwa wimbo wake, hapigiwi ng'ombe mwingine. Ukianza tu, anainua kichwa huko aliko. Anakuja polepole, kifua mbele, na kundi lote nyuma yake. Hakimbii. Nimeona wakwe wakiingia, nimeona wakubwa wakishuka kwenye magari kuja mikutanoni. Sijaona aliyeingia mahali kama yule fahali alivyokuwa anaingia kwetu.

Kuondoa miti ya lango ilikuwa kazi yangu. Lakini kama kwenye kundi kuna ng'ombe nisiyemjua, siondoi. Nakaa pale pale langoni, chini, miguu nimenyoosha, mpaka ijulikane ni wa nani. Huku kwetu ng'ombe asiyejulikana akilala kwenye boma lako, kukikucha wewe ni mwizi, na wenyewe wanakuja na mapanga. Mzee Marwa anaweza kupiga mpaka vidole vichubuke, mimi sisogei. Na hakuna mwanaume anayeruka miguu ya mama aliyekaa langoni. Hata mwenye wazimu hafanyi hivyo.

Kwa hiyo wasiniambie sikujua ninachofanya.

Bhoke ni binti wa marehemu mwanangu Mwita, nimemlea tangu hajaota meno. Ana mabega huyo. Anapakia magunia ya mahindi kwenye ghala, wanaume wamekaa wanapumua, yeye anaendelea. Aliponiambia anataka kucheza mieleka nilimuuliza umekosana na nani. Akacheka. Akasema bibi, ni mchezo, kuna steringi na kuna adui, kama kwenye video. Nikamwambia basi adui asiwe wewe. Sikuwa na neno lingine.

Akaniambia pia kila mchezaji anaingia na wimbo wake. Ukipigwa, watu wanajua nani anakuja hata hawajamwona. Hilo hakuhitaji kunieleza mara mbili.

Gati alikuwa amemrekodi baba yake kwenye simu, mwaka ule ule aliokufa. Bhoke akauchukua wimbo wa Sirikali. Mara ya kwanza aliingia nao hapa hapa kwetu, siku ya mnada. Wazee waliokuja kuuza ng'ombe waliacha kubishana wakageuka wote. Mmoja akainua fimbo juu. Na mtoto anakuja, polepole, kifua mbele. Nililia. Msibani kwa Mzee Marwa sikulia hivyo, msibani nilikuwa nahangaika na chakula cha wageni, na kuna shemeji yangu mmoja alikula kama aliyefungiwa ndani wiki nzima. Hayo tuyaache.

Sasa Promota, mwenye kundi. Kijana wa mjini, miwani myeusi, hata ndani ya nyumba yangu hakuivua. Wiki tatu zilizopita alikuja na soda na mkate. Akanisifia sana. Akasema bibi, wimbo wenu unainua watu, tunataka tuutumie zaidi. Nikasema tumieni mwanangu, ni wenu.

Nilifikiri anasema wa kumwingizia Bhoke. Ungefikiri nini kingine?

Lakini nilisema. "Ni wenu," mdomo wangu mwenyewe, na soda mkononi. Hilo Bhoke halijui mpaka leo. Usilifute, Gati, acha likae.

Jumapili tukaenda Bomani, pale Tarime mjini, mimi na Gati. Nikapewa kiti cha mbele, kile cha plastiki, mguu wake mmoja umepinda, nimekaa kwa kujishikilia. Emsii akamtaja Bhoke. Nikajiweka tayari kusikia litungu.

Wakampigia wimbo wa kuingizia keki.

Ule ule wa harusini, wakati keki inaletwa na watoto wa maua mbele. Mjukuu wangu na mabega yale anatembea katikati ya watu elfu wa Tarime na wimbo wa keki. Kijana mmoja nyuma yangu akauliza, "Kisu kiko wapi tukate?" Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Bhoke alishinda. Alimnyanyua yule dada wa Sirari akamlaza chali, mambo yakaisha. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa bado wanacheka keki.

Nikameza. Nikasema labda wamekosea.

Halafu watu wakanunua karanga, wakarudi, na ndipo nikasikia litungu. Mume wangu. Kwenye maspika makubwa yale, vidole vyake vyote, hata kikohozi chake kile kidogo alichokohoa katikati, kipo. Nikasimama nione Bhoke anarudi. Akatokea mwanaume. Mnyororo shingoni, ngozi ya mbuzi begani, anapiga viti teke, anawapokonya watu kofia. Radi, ndilo jina lake la ulingoni, na ndiye adui mkubwa wa kundi. Na watu wakaanza kuzomea. Uwanja mzima. Gati anasema walikuwa wanamzomea Radi. Mimi sikusikia hivyo. Mimi nilisikia Mzee Marwa anapiga, na Tarime nzima inamzomea.

Fimbo niliiacha kwenye kiti. Nikaenda nikakaa njiani.

Alikuja mpaka nyayo zake zikafika karibu na zangu. Akanguruma kwenye maiki niondoke. Nikamtazama. Akaangalia kushoto, kamba. Kulia, kamba. Mbele, miguu yangu. Nikaona jasho linamtoka na hajapigana bado.

Nikamuuliza, "Wewe mura, ni wa wapi?"

Halafu yule adui wa wilaya nzima akapiga goti, maiki bado ameshika, uwanja mzima unasikia, akasema, "Shikamoo bibi. Ni wa Machochwe."

"Marahaba. Huu wimbo ni wa nyumba ya kwenu?"

"Hapana bibi. Nimepewa tu."

"Basi rudi, uingie na wa kwenu."

Na akarudi. Kweli tena, akageuka akarudi kule nyuma ya turubai, muziki ukazimwa, akaja tena kimya kimya kama mtu anayekwenda kuchota maji. Watu badala ya kumzomea wakampigia makofi. Mama mmoja aliyerudishiwa kofia yake akampa tena, akamwambia mwanangu vaa wewe, jua kali.

Promota alikuja kwenye kiti changu hana miwani, nikamwona macho kwa mara ya kwanza. Alisema nimemuulia adui wake. Mwaka mzima amemjenga yule awe mtu asiyeheshimu mtu, na mimi kwa dakika mbili nimemfanya mtoto wa watu. Alisema adui gani anaamkia. Nikamjibu hayo ni ya mama yake aliyemlea, siyo mimi. Na huyo wa Machochwe, namheshimu, amekataa kabisa kuingia na ule wimbo tena. Promota ndiye bado anavimba. Amepiga simu mara tatu kuhusu hiyo radhi. Mtoto aliyeniletea soda anataka nimwombe radhi kwa mali yangu.

Na bado kuna hao wa simu. Wamenipiga picha za video nimekaa pale, wanatumiana mpaka Mugumu, na mmoja amefuta litungu lote akaweka muziki wa kuchekesha juu yangu. Mume wangu wamemzomea Jumapili, Jumatatu wamemfuta. Mniambie nisikasirike.

Lakini nitasema na hili, kwa sababu nimeanza na kusema ukweli.

Tulikuwa njiani tunarudi, tumeshakaribia nyumbani. Bhoke akasema, wala hakupandisha sauti, "Bibi, mimi ndiye mpiganaji. Aliyeingia leo ni wewe."

Nikamwambia nimekutetea. Akasema hukuniuliza. Akasema keki niliivumilia mwenyewe, nilikuwa nimeshaanza kuongea na Promota, wimbo ningeurudisha mwenyewe. Sasa watu wote wanaongea habari ya bibi aliyekaa chini. Nani anakumbuka kwamba nilishinda?

Nilitaka kumjibu. Mimi huwa sikosi jibu, waulize majirani. Tulipofika nikaingia ndani moja kwa moja.

Maana ni kweli. Pale chini, miguu nimenyoosha, uwanja umenyamaza kunisikiliza mimi, nilifurahi. Miaka yote nilikuwa mtu wa kuondoa miti ya lango. Wimbo wa fahali, sifa za mpigaji, na mimi na miti yangu. Jumapili nilikaa kwa ajili ya Bhoke, na kwa ajili ya marehemu, lakini kuna kipande nilikaa kwa ajili yangu. Mtoto alikiona kile kipande.

Na lile la soda juu yake.

Kwa Promota siombi radhi, hata waniletee polisi. Lakini Bhoke ni jambo lingine. Tangu jana nina maneno ya kumwambia. Asubuhi alipoleta uji nikafungua mdomo, yakatoka ya kuku. Nikamuuliza kama kuku wametoka. Akaitikia kwa kichwa.

Sasa nimeamua. Nitamwambia ya soda kwanza, kwamba wimbo niliutoa mimi mwenyewe. Halafu nitamuuliza. Hilo ndilo sikulifanya, kuuliza. Akisema bibi panda ulingoni useme, nitapanda na goti hili hili bovu, niseme mbele ya Nyanungu nzima, na hasira yangu nitaishikilia na meno. Akisema kaa nyumbani Jumamosi, nitakaa. Itaniuma, lakini nitakaa. Akisema hataki kuniona

ngoja. Nyamaza, Gati, acha kubonyeza. Nani huyo uani?

"Bibi! Njoo uniangalie ninavyoingia."

Umesikia alivyosema? Nipe mkono niinuke. Hayo mengine utaandika wewe, mimi nimeitwa.