Kopo Moja, Injini Tatu

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Mchi sikioni, kama kila asubuhi. Ncha moja nimeiweka juu ya injini, nyingine kwenye sikio, lori linanguruma. Beringi za chini bado zinagonga. Zinagonga kuliko wiki iliyopita, au nimeanza kusikia kile ninachokiogopa. Geji ya oili inasimama vizuri injini ikiwa baridi, ikishapata moto inalala. Nimeongeza oili tena.

Mke wangu ameudai mchi wake. Anasema kisamvu cha jana kilinuka gereji. Nimeahidi kuchonga mwingine. Mwezi wa tisa pia niliahidi.

Mvua bado. Mbolea ya tumbaku yote iko mjini na kijiji kina lori hili moja. Likifa, hakuna msimu. Sina usingizi mzuri siku hizi.

Jumatano, 5 Novemba

Tabora na kurudi. Magunia ya mbolea, safari ya kwanza. Njia nzima sikio langu lilikuwa kwenye injini. Katibu wa kijiji alikuwa pembeni yangu akizungumza, sikumbuki alisema nini.

Nilipita mtaa wa Kanyenye kutafuta beringi. Hakuna dukani, hakuna kwa mafundi wenzangu. Nikaingia kwa Mzee Nassoro kumpa shikamoo tu. Aliuza vipuri na marehemu baba yangu tangu enzi za Mwingereza. Akanitolea kopo kutoka chini ya meza, ndugu yake amelileta kutoka Maskati. Dawa ya injini. Unaichanganya na oili, chuma kinateleza juu ya chuma bila kusuguana. Kopo moja, injini moja. Nilisema sina imani na vitu hivi. Akacheka, akasema nilikuwa hivyo tangu mdogo, hata halua nilikuwa nainusa kwanza.

Nimelichukua. Nimelichukua mbele ya Katibu. Ujinga mtupu.

Alhamisi, 6 Novemba

Kijiji kizima kinajua. Wanawake kisimani wameniuliza kama ni kweli lori limepata dawa.

Ninavyoona mimi ni hivi. Beringi iliyolika imelika. Hakuna kopo litakaloirudishia chuma chake. Labda dawa itapunguza kusuguana kwa kile kilichobaki. Labda itang'oa uchafu wa miaka yote uliolala chini ya injini na kuziba njia ya oili, na hapo ndipo lori litakapokufa kabisa. Sijui. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, na sijui.

Nisipoitia na lori likafa, watasema mtu wa mjini aliinyima injini dawa. Nikiitia na lori likafa, watasema ameleta sumu kutoka kwa wafanyabiashara. Dereva wa kijiji cha jirani trekta lilimfia mwezi wa saba. Walimwita mhujumu, wakamchukua kwenda kuhojiwa. Mkewe bado analima peke yake.

Nimelificha kopo chini ya kitanda. Mke wangu amelitoa, hataki litapakae kwenye mikeka.

Jumapili, 9 Novemba

Kamati imekaa kuhusu kopo. Sijawahi kusikia kamati ikipiga kura juu ya oili, lakini leo imepiga.

Mwenyekiti, Mzee Mihayo, aliniuliza mbele ya watu wote kama dawa ni nzuri. Nikasema inaweza kusaidia. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Naijua sauti yangu ninapoogopa, inakuwa ya adabu sana.

Kisha mzee mmoja akasimama. Kwa nini lori peke yake? Mashine ya kusaga nayo ni ya kijiji. Pikipiki ya bwana shamba nayo ni ya kijiji. Watu wakapiga makofi. Mzee Mihayo akasema hilo ndilo neno, kitu kilichoingia kijijini ni cha wote, kigawiwe sawa. Mikono yote ikapanda. Wangu pia.

Lori, sawa. Mashine, sawa. Lakini pikipiki ile klachi yake inaoga katika oili ileile ya injini. Sahani za klachi zinafanya kazi kwa kusuguana. Ukiziondolea msuguano, injini itanguruma na gurudumu halitasukumwa. Hili silijui kwa labda. Nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Nilifungua mdomo. Mzee Mihayo aliniangalia akingoja. Nikakohoa, nikasema nitaigawa kesho.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimegawa kwa kikombe cha chai. Theluthi, theluthi, theluthi. Katibu alisimama juu yangu akihakikisha hakuna aliyepunjwa.

Nilifikiria kumwaga fungu la pikipiki kwenye majani. Katibu hakuondoka.

Lori limetulia kidogo. Mchi unasema kugonga kumepungua. Lakini leo nimebadilisha oili pia, oili mpya siku zote hupunguza kelele. Geji iko palepale. Kwa hiyo sijui ni dawa au ni oili. Watu wamenipongeza. Mzee Mihayo amenipa mkono. Nilijisikia vibaya, kama mtu aliyepewa sahani ya mwenzake.

Jumatano, 12 Novemba

Elias alikuja gereji. Ndiye bwana shamba wetu, mtu wa Kasulu, mpole, ana mwaka mmoja hapa. Anaita kila mtu ndugu, hata mbuzi. Akaniuliza, "Ndugu Fundi, pikipiki siku hizi inavuma bila kwenda. Hii dawa haina neno kweli?"

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu.

Katibu anaishi nyumba ya pili, dirisha lilikuwa wazi. Nikasema ni waya wa klachi umelegea. Nikaukaza. Akashukuru akaenda zake.

Hovyo kabisa. Mimi ni mtu wa hovyo.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua kubwa, ya kwanza. Watu wanacheka, watoto wako nje uchi. Elias aliondoka alfajiri kwenda vitalu vya tumbaku upande wa Ulyankulu. Katikati kuna kijito. Jana kilikuwa mchanga mtupu.

Nimeswali Ijumaa bila kujua nilisoma nini. Alasiri nimetoka barabarani mara nne. Mke wangu ameniuliza namngoja nani, nikasema simngoji mtu. Jua linazama na hajarudi.

Jumamosi, 15 Novemba

Wamempata. Warina asali walimkuta asubuhi kando ya kijito, wakamleta juu ya baiskeli, mguu umefungwa kwa magome ya mti. Umevunjika chini ya goti.

Ameeleza mwenyewe, meno yakigongana kwa baridi. Aliingia kijito kikiwa cha magotini. Katikati injini ilinguruma sana, gurudumu likasimama. Maji yakaongezeka. Angeweza kuiachia na kutoka. Hakuiachia kwa sababu ni mali ya kijiji. Ikamwangukia, akalala chini yake hadi maji yalipopungua, kichwa nje, mkono kwenye mzizi.

Nimempeleka hospitali Tabora kwa lori. Lori lilikwenda vizuri sana. Kila shimo alikuwa akivuta pumzi kwa meno, na kila aliponiangalia aliomba radhi kwa kunisumbua. Nilitamani anitukane.

Jumatatu, 17 Novemba

Warina asali wameileta pikipiki. Nimeifungua peke yangu. Sahani za klachi zinateleza kama sabuni, ndivyo nilivyojua zitakuwa. Nimezisugua kwa petroli, nimezikausha, nimekwangua kidogo, nimetia oili tupu. Nikaipanda hadi shuleni na kurudi. Inavuta vizuri.

Oili ya zamani nimeichimbia shimo. Hakuna atakayejua kitu. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeiangalia muda mrefu.

Alhamisi, 20 Novemba

Sasa wanasema ni uzembe. Bwana shamba hajui kuendesha. Wengine wanasema alikuwa amelewa, Elias ambaye hanywi hata togwa iliyochacha. Katibu anaandika barua ya kwenda wilayani kwamba ameharibu mali ya kijiji katika msimu wa kilimo. Ametumia neno hujuma. Amekuja kuniomba tahajia ya "klachi". Nikamwandikia.

Elias amerudi leo, plasta hadi pajani. Hajui habari za barua. Anauliza hali ya vitalu.

Sili. Nimemwambia mke wangu kila kitu. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema basi nikawaambie wao. Nimemwomba anifungie nguo kwenye kifurushi, wakinichukua niwe tayari. Amezifunga. Ameweka na ndara.

Jumapili, 23 Novemba

Mkutano. Ajenda ya kwanza pikipiki, ya pili mbuzi wanaoingia kwenye mihogo.

Elias alikaa benchi la mbele, mguu juu ya kigoda. Katibu akaanza kusoma barua. Nikasimama kabla hajafika chini. Nikashika mgongo wa benchi. Nikasema klachi ya pikipiki inakaa ndani ya oili na ile dawa ni mwiko mle. Nikasema nilijua tangu siku ya kura. Elias hana kosa lolote. Nilinyamaza kwa woga.

Nikangoja. Kifurushi kilikuwa mlangoni kwangu.

Mzee Mihayo aliniangalia. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyeamshwa. Akasema, "Ungesema tu, Fundi. Tungeiacha."

Akamwambia Katibu aichane barua. Akauliza hao mbuzi ni wa nani.

Mbuzi walichukua zaidi ya saa moja. Nilikaa nyuma, mikono magotini. Watu walipotawanyika, Elias alibaki benchini, hawezi kusimama mwenyewe. Nikampa bega. Akalishika. Tukaenda polepole, mvua ilikuwa imeacha matope mengi.

Mlangoni kwake alishika fremu, akaliachia bega langu.

"Jumatano ile nilikuuliza, ndugu Fundi."

Nikamwambia ndiyo, uliniuliza. Akaingia ndani.