Nusu Saa ya Kungoja Chuma

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku mzima, ila kikohozi cha vumbi la chuma kimekataa kunipa talaka. Wifi na watoto hawajambo? Waambie shangazi yao amezikumbuka kelele zao.

Barua yako nimeipata. Nimelia, kisha nikakasirika. Yaani mtu aliyelinda tanuri la kiwanda cha vigae miaka kumi na tisa, leo anasimamishwa kazi eti amezidisha moto mpaka ukuta wa tanuri ukavimba! Wewe ambaye hata chai huinywi mpaka ipoe! Mama anasema huli wala hulali, na majirani wameshakuita Mchoma Kiwanda. Pole sana, kaka.

Uliniomba nikutafutie mtaalamu wa kukutetea, ukanipa namba iliyogongwa kwenye mabamba ya chuma ya ukuta ule. Kazi yetu hapa maabara unaijua: tunakata ukanda wa bamba, tunaubana ncha zote mbili ndani ya tanuri dogo, tunauvuta ukiwa wa moto hadi usalimu amri. Sharti ni moja. Kipimo cha joto kikifika nyuzi mia sita, unangoja nusu saa ndipo uvute, maana hewa hupata moto upesi, chuma kikabaki nyuma. Fundi wetu mkuu, tunayemwita Bwana Subiri, husema asiye na subira akapime maji ya kuoga.

Kumbe mabamba hayo yalipimwa hapa hapa kwetu kabla ya kuuzwa; basi nikatoa kipande cha akiba chenye namba ile, nikangoja nusu saa kamili, nikavuta. Lo! Kililegea kama unga uliokandwa, kwa nguvu ndogo mno kuliko iliyoandikwa kwenye cheti chake cha upimaji. Hukuzidisha moto, kaka. Hata kwa joto ulilopangiwa, ukuta ule usingehimili. Nilifurahi, nikafungua daftari nimjue mzembe aliyeyapitisha mabamba hayo.

Sahihi ni yangu.

Siku yenyewe nimeikumbuka. Bwana Subiri hakuwepo, nilikuwa na vipande sita, nikataka akirudi akute vyote vimekwisha, anisifu. Sikungoja hata dakika tano. Nilivuta chuma ambacho hakikuwa kimeshika moto, kikaonekana imara, nikakiandikia cheti. Nisamehe, kaka. Nimetafuta sifa, matope yamekurukia wewe.

Sikufichi, nilifikiria kuuchana ule ukurasa. Niliushika kabisa. Kisha nikaenda kumweleza Bwana Subiri kila kitu. Akanisogezea kalamu niyaandike. Taarifa imepelekwa kwa mwajiri wako leo asubuhi, jina langu likiwa chini yake, na mimi nimeambiwa niache funguo mezani hadi wakubwa waamue. Wakikurudisha kazini, rudi. Usikatae kwa ajili yangu. Ila Mama asilisikie hili kwa watu. Mwambie wewe, maana mimi sitaweza kumtazama.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyempa jina la Kiherehere