Flashi Niliyochomoa Msibani Kwako

Maganga, mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Ulinizidi umri kidogo, na tangu siku niliyoshuka kwenye treni hapa Tabora kuja kufundisha fizikia ulikuwa ukiidai, nami nikikujibu kwamba Mzaramo hamwamkii hamali. Babu zako walishuka pwani na pembe mabegani, wakapita kwetu wakiomba maji, na utani wetu ukazaliwa huko njiani. Wewe ulisema babu zangu ndio waliokuwa wakiomba pembe. Hatukuwahi kulimaliza.

Mwandiko wangu umeharibika, utauvumilia. Ulikuwa ukiucheka hata ulipokuwa mzuri.

Niko kitandani, nyumbani kwangu Mtendeni, nimeegemea mito. Daktari kaniambia ukweli kwa upole, nikamshukuru. Moyo umechoka. Ningeweza kusubiri tuonane ndipo nikwambie hili, lakini sijui huko kukoje, wala sijui kama watu wawili wanaachwa wakae asubuhi nzima wakisemana vibaya kama tulivyokaa kwenye banda lako. Kwa hiyo naandika. Ni la kuungama, Maganga, na linahusu redio ya mkeo.

Unajua ninayoisema. Macho ya shemeji yalipofifia, wewe mwalimu wa hisabati uliyestaafu na kuanza kutengeneza kompyuta za majirani, ulikaa bandani ukamwandikia programu, ile tuliyoiita redio. Kila asubuhi ulikuwa unamrekodia habari: magazeti, bei ya mchele, nani kaoa, nani kapigana na nani. Kwenye kitufe kimoja ulibandika punje ya mchele kwa gundi ili kidole chake kikione. Akibonyeza, unasema. Watoto walikuwa wakicheka, wakimwuliza kwa nini amsikilize kwenye mashine mtu aliyeko ua wa nyuma. Yeye akijibu, "Kwenye mashine hanikatizi."

Baada ya mazishi alibonyeza. Kimya.

Nyamizi, mwanao, alikuwa amefunga duka lake Kaliua ili akae na mama yake wakati wa eda. Alinipigia simu. "Shikamoo baba. Redio ya mama haifunguki, na mama hali chakula." Nilikuwa nimetoka hospitali. Siku ya kukuzika jua lilinipiga makaburini, nikaanguka, wakanibeba juu juu, kwa hiyo mchanga wangu sikuutia. Hilo nalo nakuomba radhi.

Nikaja na fimbo yangu. Shemeji alikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha linalotazama banda, kama eda inavyotaka. Nyamizi akaniwekea kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa waya. Nilisita kukikalia, kisha nikakikalia.

Skrini ilikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza: programu imeshindwa kufungua maktaba fulani, faili hilo halipo. Nikamweleza Nyamizi kama ulivyokuwa ukiwaeleza majirani, kwamba programu haibebi kila kitu yenyewe. Ina vitabu inavyoazima kwenye rafu ya pamoja, na ikikuta kitabu kimoja hakipo inagoma hata kuamka. "Sasa kimekwenda wapi?" akauliza. Nikasema hilo ndilo nimekuja kulitafuta. Ungeniona, Mnyamwezi! Nilijisikia kijana.

Vidole vyangu havifai tena, kwa hiyo mimi nilisoma na yeye akapiga herufi. Tukaandika ile amri fupi uliyonifundisha, inayotaja kila maktaba ambayo programu inaitegemea na mahali ilipo. Nyingi zilikuwa na mahali. Chache, mbele yake, mashine iliandika kwamba hazikupatikana. Tukazitafuta kwenye mtandao kwa simu ya Nyamizi. Tukapata, lakini za toleo jipya, na programu yako ya kizee ilitaka lile la zamani. Nikafanya ujanja wa kuipa mpya jina la ile ya zamani. Programu ikafunguka, ikaonyesha jina la mkeo, kisha ikaanguka chini kama mimi makaburini. Nyamizi alicheka. Nikasikia pazia likitikisika. "Imesema?" shemeji akauliza. "Bado," nikamjibu.

Tukarudi nyuma, tukatafuta toleo lenyewe, likakubali. Ikabaki moja. Hiyo haikuwamo kwenye mtandao wowote kwa sababu uliiandika wewe mwenyewe, na ndiyo iliyojua kuzifungua sauti zako. Rekodi zote zilikuwamo humo, tunayaona majina yake, lakini bila hiyo hakuna programu nyingine iliyoweza kuzisoma. Ulikuwa mjanja kupita kiasi. Nilikwambia.

Kila siku nikawa nakuja. Mwishowe niliona jambo ambalo fundi wa kweli angeliona asubuhi ya kwanza. Rafu ya maktaba zako haikuwa ndani ya mashine. Pale palipopaswa kuwa na folda palikuwa na njia ya mkato tu, inayoelekeza kwenye kitu cha nje, kitu kilichochomekwa. Diski yako ilikuwa imeanza kuzeeka, bila shaka ukazihamishia mahali pa usalama. Nikamwuliza Nyamizi, "Hapa nyuma ya mashine kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na flashi, baba. Nyeusi. Baba alikuwa hataki iguswe."

Tukaitafuta. Makopo ya misumari, masanduku ya nyaya, chini ya mkeka. Kisha Nyamizi akakumbuka kwamba binamu yako Mrisho, aliyekuja kutoka Ulyankulu, alilala bandani siku zote za matanga. Akampigia. Nilimsikia Mrisho kwenye simu akisema, "Mwanangu, mimi nimekuja kumzika ndugu yangu, unaniuliza flashi?" Akakata. Shemeji kutoka dirishani akasema polepole, "Msiba una watu wa kila aina." Nami nikatikisa kichwa, nikakubali. Maganga, nilitikisa kichwa.

Siku chache baadaye kipupwe kikaanza, ile baridi yetu ya asubuhi, nikalichukua koti langu zito lililokuwa limetundikwa msumarini tangu siku ya mazishi. Nikatia mkono mfukoni. Ilikuwemo. Nyeusi, imefungwa uzi wa katani.

Hapo ndipo kumbukumbu ilinirudia yote kwa pamoja. Siku ile wanawake walikuwa wakilia mno, na mimi ni mtani wako, kazi yangu ni kuwachekesha. Niliingia bandani, nikachomoa kitu cha kwanza nilichokiona, nikakifunga uzi nikakining'iniza shingoni kama hirizi. Nikasimama mbele ya jeneza lako nikapiga kelele, "Mnyamwezi huyu haendi popote! Nimechukua kizibo chake! Nikombolewe ndipo apite!" Watu wakacheka. Hata shemeji, kule ndani, nilimsikia akicheka kabla hajalia tena. Kwa kawaida mtu angekuja na chochote, hata gunzi la mahindi, akanikomboa, nikarudisha. Lakini imamu alikuwa anaharakisha, jeneza likainuliwa, wote wakaondoka nalo. Nikaitia mfukoni nikawafuata. Kisha jua, kisha hospitali. Mambo mengine yote ya siku ile niliyakumbuka, hilo halikunijia. Nilitafuta kosa kwenye mashine kwa sababu mashine ndiyo niliyofundishwa kuitafutia makosa.

Sasa nisikilize. Kusahau si kosa langu kubwa. Kosa ni kwamba niliiona, nikairudisha mfukoni, nikaenda kwako, nikakaa kwenye kiti chako na kumwambia Nyamizi aandike amri ile ile kwa mara nyingine. Nikafanya hivyo na kesho yake. Na kesho kutwa.

Kwa nini? Kwa sababu Nyamizi alikuwa ananiletea chai ya tangawizi. Kwa sababu banda bado linanuka risasi ya kuungia nyaya uliyokuwa ukiyeyusha na ule ugoro wako. Kwa sababu shemeji alikuwa akiita kutoka dirishani, "Mzaramo, umefika wapi?" na tangu ulipokufa hakuna mwingine aliyekuwa akiniuliza nimefika wapi. Nilijua redio ikifunguka watanishukuru vizuri, wataniombea dua, nami nitarudi kwenye kitanda hiki kusubiri.

Na niliiogopa sauti yako. Nilijua siwezi kuisikia nikabaki nimekaa wima.

Mrisho akawa mwizi wakati huo wote. Ndugu yako. Mimi nilikunywa chai.

Asubuhi moja nilikuta pazia limesogezwa kidogo. Shemeji hakuniuliza nimefika wapi. Alisema, "Shemeji, nimeanza kuisahau sauti yake. Jana nimejaribu kuikumbuka, ikanijia ya kwako."

Nilikaa. Nyamizi alikuwa ameshika kibodi akinisubiri nimtajie amri. Nikatoa flashi, nikainyanyua mpaka kwenye nondo za dirisha, ingawa najua haoni. Nikasema, "Ninayo mimi. Niliichukua siku ya jeneza. Na nimekuwa nayo siku hizi zote nikijua, nikanyamaza."

Nyamizi aliniangalia. Natamani angenitukana. Alisema tu, "Baba," akainamisha uso.

Shemeji akauliza, "Siku ile si ulisema ukombolewe?"

"Nilisema."

"Nani alikukomboa?"

"Hakuna."

"Sasa ungeirudishaje? Umetuona wahuni, tunachukua mali kwa mtani bure?" Nikasikia anajikohoza. "Nyamizi, mletee mwizi huyu karanga. Zile mbichi. Za kukaanga hastahili."

Nyamizi akaleta karanga kwenye kisosi. Nilizitafuna kwa meno niliyobaki nayo, nikilia, na kule ndani shemeji alikuwa akicheka kile kicheko chake kirefu, mpaka kikageuka. Sisi wote watatu tulikuwa hivyo, dirisha likiwa katikati.

Nyamizi akachomeka flashi. Programu ikafunguka bila ugomvi, kama mtu aliyekuwa amelala tu. Shemeji akapelekewa kitufe chake chenye punje ya mchele, waya ukapitishwa dirishani, akabonyeza mwenyewe.

"Mwangaluka, Mama Nyamizi," ulisema. Umeamkaje, kwa Kinyamwezi, kama kila siku. Ukasema mvua imekataa tena. Ukasema mchele wa Kaliua umeshuka bei na mwanao atalalamika. Kisha ukasema, "Namwona Mzaramo anakuja huko barabarani, anajikokota kama treni ya mizigo. Anakuja kunimalizia sukari. Usimwambie nimesema, lakini huyu akitangulia, sijui asubuhi nitakuwa namsema nani."

Sikuweza, Maganga. Niliweka kichwa kwenye meza yako.

Yaliyofuata ni ya kazi, nawe utataka kuyajua. Maktaba zako zote tumezinakili kwenye diski mpya ndani ya mashine, tukaifuta ile njia ya mkato. Kisha tukaichomoa flashi makusudi na kuiuliza mashine kwa amri yetu. Kila maktaba ikatajwa na mahali pake, hakuna iliyokosekana. Programu ikasema bila flashi. Nyamizi anajua kuifanya kazi hiyo peke yake sasa, na ana mkono mwepesi kuliko wako. Shemeji anakula. Mrisho nilimpigia mwenyewe, nikamweleza yote, nikaomba radhi. Akasema mtani hashtakiwi, lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyeumia. Akija Tabora nikiwa hai nitamwomba tena.

Flashi shemeji kaichukua. Inalala chini ya mto wake.

Uliniahidi kwamba nikifa utalizuia jeneza langu barabarani mpaka ndugu zangu wa Kisarawe wakiri kwamba babu yako ndiye aliyewafundisha kuvaa viatu. Nilikuwa nikiisubiri siku hiyo kwa hamu, mjinga mimi, kana kwamba ningekuwepo kusikia. Sasa umenikimbia. Nimemwomba Nyamizi asimame mahali pako, maana utani ameurithi. Nikamwambia achukue miwani yangu, ipo mezani, ni rahisi kuichukua. Akanijibu, "Mtani haagizwi, baba. Nitaingia, nitachukua nitakachokiona." Nikamwambia basi ahakikishe kuna mtu wa kumkomboa. Akasema atajikomboa mwenyewe kwa karanga. Kisha akatoka nje haraka, nikamsikia akilia barazani.

Nimechoka, Mnyamwezi. Kalamu inateleza. Barua hii Nyamizi ataisoma mbele ya ile mashine, airekodi, ikae pamoja na asubuhi zako.

Lala salama. Nisogezee kiti, hata kile chenye mguu wa waya. Nakuahidi kitu kimoja ambacho hukukipata kwangu maisha yako yote. Nikifika, kabla sijakutukana, kabla sijauliza sukari iko wapi, nitakupa shikamoo. Mara moja tu. Uwe tayari kuitikia, maana sitairudia.

Mzaramo wako